Begi Nililotembea Nalo Kando ya Mto

Wifi yangu alinipigia simu katikati ya wiki akasema, "Jumamosi jiandae. Mimi na wewe tunakwenda mjini kupumzika."

Simu nusura initoke mkononi.

Jamani, huyu ni Kamanda! Dada wa marehemu mume wangu. Anasimamia walinzi wa soko zima, na akiingia kwetu hata paka anakaa vizuri. Tangu niolewe, salamu zake kwangu ni zilezile: "Mama amekula? Mama ameoga? Mama amelala?" Mimi kama nimekula, shauri yangu.

Leo eti tukapumzike.

Ngoja niwaeleze hali yangu kwanza. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Mtoto sikujaliwa. Naishi na mama mkwe, mzee mgonjwa, kwenye nyumba ya kwao. Mchana nafua mashuka ya hospitali, nayatoa kwenye mashine, nayapiga pasi, nayakunja, na kesho yake yanarudi machafu. Usiku mama mkwe hapati usingizi. Anamwita marehemu mwanawe, na anayeitika ni mimi.

Mwenzenu nimechoka. Nimechoka ule uchovu wa kuogopa kukaa kitini, maana kuinuka ni kazi nyingine.

Sasa, siku chache kabla ya ile simu, jirani alikuwa amenivuta pembeni. "Shoga, ukoo wa mumeo wamekaa kikao. Wewe uliitwa?"

Sikuitwa.

Mume hayupo, mtoto sina, nyumba si yangu. Hapo unahitaji kuambiwa nini tena? Nikaanza kuulizia vyumba vya kupanga, kimyakimya. Simu ya Kamanda ilipokuja, nikajua tu. Napelekwa mbali nikaambiwe nihame, nisije nikaangua kilio nyumbani watu wakajaa.

Nikasema, heri nitoke kwa miguu yangu.

Nikafungasha kila kilicho changu. Nguo, viatu, picha ya harusi. Na pasi yangu, niliyoinunua kwa jasho langu, sikuiacha. Funguo za nyumba nikazitia mfukoni.

Jumamosi mume wa Kamanda akaja na binti yao kukaa na mama. Kamanda mwenyewe tulikutana kituo cha basi, ana kikapu kidogo, chupa ya chai ikichungulia. Akaliangalia begi langu.

"Wifi, tunalala siku moja tu."

"Najua."

"Na begi lote hilo?"

"Ndiyo, wifi."

Akanyamaza. Kamanda, kunyamaza! Nikajua mambo yameiva.

Mjini, nyumba ya wageni wakatuambia chumba kitakuwa tayari alasiri, na kuhifadhi mizigo ni malipo.

"Nilipie begi likae?" Kamanda akang'aka. "Twende mtoni. Mto hauna kiingilio."

Basi tukatembea kando ya mto. Njia nzuri, sikatai. Vyuma vya kuegemea, miti ya kivuli, bata wanaelea hawana habari na mtu. Vijana wanapigana picha. Boti zinapita na muziki.

"Tungepanda boti," nikasema, ili tu niseme kitu.

"Mto ni uleule. Kule unalipia kukaa."

Siku nyingine ningecheka. Pasi ilikuwa inanigonga paja kila hatua. Kila akikohoa, moyo wangu unasema, haya, ndiyo hilo linakuja. Halisemwi. Tunatembea tu. Mwishowe akashika mkanda mmoja wa begi, tukalibeba wawili, hakuna anayemtazama mwenzake.

Tukakaa kwenye benchi karibu na daraja. Akamimina chai. Akamenya yai, akanipa mimi kwanza.

Nikajisemea, hili ndilo yai la kuagana.

Sikungoja. Nikatoa funguo, nikampa kwa mikono miwili. "Chukua, wifi. Usijitese kutafuta maneno."

Kamanda akaziangalia zile funguo. Akalia! Kilio cha sauti, mpaka watu wa kwenye boti wakageuka.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. "Unatuacha."

"Mimi nawaacha? Si ninyi mnanifukuza?"

"Nani kakufukuza?"

"Mmekaa kikao!"

"Kikao aliitisha mama!" Akajifuta uso kwa kiganja. "Alisema, huyu binti anakwisha mnamwangalia. Akasema akiondoka hatamlaumu. Tukawa bado tunajadili zamu za kumwangalia mama, nikasikia unatafuta chumba. Mama akaniambia, mchukue, mkapumue, umwombe asiende. Sasa nakuja kituoni nakuta umehama na begi! Nianzie wapi?"

"Kwa nini hukuniuliza?" nikasema.

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

Machozi yakanishuka, nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema tangu tuzike. "Siondoki, wifi. Mimi nataka kulala tu. Nataka kulala."

"Lala," akasema.

"Hapa?"

"Hapa. Benchi si la mtu."

Nikaweka kichwa kwenye begi, pasi ikanigonga sikio. Kamanda akalisukuma begi huko, akanivuta kichwa nikalalia paja lake. Sikumbuki kingine. Nilipoamka jua lilikuwa limehamia ng'ambo ya mto, chai imepoa, na mwenzangu mguu umemfa ganzi, hawezi hata kusimama. Hakuwa amejisogeza.

Kesho yake tulirudi nyumbani, begi kalibeba yeye. Mama mkwe alikuwa mlangoni, kashika fimbo yake. Hakuuliza mjini kukoje.

"Mwanangu, umelala?"

"Nimelala, mama."

"Ahsante Mungu."

Kamanda akanirudishia funguo zangu. Nikazipokea, nikaona zimepungua. Ule wa mlango wa mbele ulikuwa umebaki kiganjani mwake.

"Wifi, huo mbona unaondoka nao?"

"Ijumaa nakuja kukaa na mama, na kila Ijumaa," akasema. "Nitafungua mwenyewe. Sitaki kugonga mlango nikakuamsha."

Ndugu zangu, mimi si mtu wa hekima. Ila mtu wa nyumbani akikunyamazia, muulize kabla hujafungasha. Na ninyi wenye mgonjwa anayeangaliwa na mwenzenu, mkipiga simu kuuliza mgonjwa amelala, msikate kwanza.

Muulizeni na aliyepokea simu.