Swali la Nyongeza

Jana mjukuu wangu alianika betri za tochi juu ya bati. Harufu yake ya kutu iliyopata jua ilinirudisha siku ile kwetu Vihingo.

Mama alikuwa mjamzito, siku zake zimefika. Mafuriko yalikuwa yamelibeba daraja, na zahanati iko ng'ambo. Asubuhi hiyo mbunge wetu alikuwa anauliza swali bungeni, basi uani kwetu pakajaa watu kusikiliza redio. Majina yao ninayo yote, ila wengi wametangulia, nayaacha yapumzike. Betri za redio zilikuwa zimechoka. Baba aliziuma kwa meno ili zipate nguvu.

"Mheshimiwa Spika, je, Serikali italijenga lini daraja hilo?"

Waziri akajibu kwamba litajengwa fedha zikipatikana.

"Haya wifi," shangazi akamgeukia mama, "mwambie na mtoto asubiri fedha!"

Watu wakacheka. Mama hakucheka, alinibana mkono.

Mbunge akaomba swali la nyongeza. "Wakati fedha zinatafutwa, wajawazito wavuke vipi?"

Waziri akakohoa, "Mheshimiwa Spika..." na redio ikafifia. Baba akaziuma tena betri, akaipiga redio makofi. Wapi!

"Baba watoto, mwache Waziri," mama akasema. "Uchungu umeanza."

Wakambeba kwa kitanda cha kamba, wakaingia majini hadi vifuani. Mimi nilibaki ukingoni nimezifumbata betri alizoniachia baba, nisiweze hata kulia, mpaka sauti ya baba ilipotoka ng'ambo: "Tumevuka!"

Nikafumbua kiganja. Zilikuwa zina alama za meno yake.