Hayupo

Msichana wa kompyuta katika ofisi ya kutafutia waliopotea, hapa Nakuru, hukohoa kidogo kabla ya kukusomea jibu. Zamani karani alifungua daftari akasoma majina mpaka umwambie basi. Huyu huuliza mashine. Februari hii ya 2008 nilimtajia dada yangu mjane, Jepchumba, tuliyepotezana naye tukikimbia ghasia za uchaguzi kule Elburgon. Akabonyeza kwa vidole viwili, akakohoa. Kioo kiliandika: HAYUPO. Kwetu neno hilo husemwa matangani. Nikachukua kofia yangu.

“Ngoja, mzee. Hiyo ni programu yangu, ikirudi mikono mitupu inaandika hivyo. Kwenu jina huanza na Jep ama Chep?”

“Jep. Chep ni ya watu wa Kericho.”

“Na karani aliyeandika majina ya kambi ya wakimbizi ni wa Kericho!”

Akabadilisha herufi. Majina matano yakashuka, naye akayasoma moja moja, kidole kwenye kioo, kama karani wa daftari. La nne lilikuwa la mjane wa miaka sabini kutoka Elburgon, hema la kumi na mbili. Nilipoinuka kumshukuru hakuniangalia. Alikuwa ndani ya programu yake, akifuta HAYUPO na kuandika: BADO HATUJAMWONA.