Kriketi Juu ya Mdogo Wangu

Kuingia kutazama kriketi hapa Kolwezi kunagharimu sawa na meka mbili, yaani makopo mawili ya kupimia sokoni, za unga wa mahindi, na hiyo ni bei ya kusimama. Ukitaka kiti cha plastiki chini ya turubai, ongeza meka ya tatu. Pikipiki ya kwenda upande wa Mutoshi na kurudi ni juu yako, na maji yanayouzwa mle ndani yana bei utadhani yamebarikiwa na askofu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wangu unajulikana, na wanaoujua huniuliza kama nimerogwa.

Karibu miaka mitatu sasa nimelipa bei hiyo kila Jumapili ya kiangazi, maana wakati wa mvua hawachezi. Wachezaji ni Wahindi wa hapa mjini, wenye maduka na mafundi wa migodini, na mara nyingine timu hutoka Likasi au Lubumbashi. Mtu mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo bapa, na wengine kumi wamesimama juani kama wanafunzi waliotolewa darasani. Wakichoka wanakunywa chai, kisha wanaanza upya. Mwanzoni nilidhani ni mzaha.

Lakini walinipenda. Mwanamke wa hapa, peke yake, anayekaa kiti kilekile tangu asubuhi hadi mpira wa mwisho bila hata kuchungulia simu! Mzee mmoja mwenye duka la vipuri, ambaye ndiye huandika alama, alinifundisha sheria zote kwa Kiswahili chake cha dukani. Mwaka jana walinipa kofia ya shabiki bora. Niliivaa. Ningefanya nini? Sikuweza kuwaambia kwamba sikuja kuwatazama wao. Nilikuja kwa sababu mdogo wangu yuko chini ya uwanja wao.

Kabla ya uwanja, pale palikuwa na mashimo. Vijana walishuka kwa kamba kuchimba shaba na kobalti, na mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Siku shimo lake lilipoporomoka, wenzake walifukua mpaka jioni, wakashindwa. Kesho yake mkuu wa kundi lao alikuja shuleni kunitafuta. Alinipeleka akanionyesha udongo uliobonyea, hatua ishirini kutoka kwenye kichuguu kikubwa, akaniomba msamaha, akaondoka na vijana wake kwenda machimbo mengine. Haukupita muda kiwanja kikauzwa, tingatinga likasawazisha kila kitu na ukuta ukajengwa. Kichuguu kilibaki nje, lakini kilele chake kinaonekana juu ya matofali, nami hupimia hapo.

Wiki ile mama alikuwa amelazwa kwa sababu ya presha. Daktari alinionya nisimpe habari yoyote ya kumshtua. Mama aliponiuliza mtoto yuko wapi, nikasema amekwenda Kasumbalesa, mpakani, amepata kazi ya kupakia malori. Nilikusudia uongo wa siku chache tu. Lakini mama alipona akiwa na uongo ule mkononi, nami nikaogopa kumnyang'anya. Krismasi nilimnunulia kitenge, nikasema kimetoka kwa mwanawe. Alikibusu. Katika mambo yote niliyofanya maishani, hakuna linalonitia aibu kama kitenge kile.

Kwa hiyo hatukuweka matanga. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekaa chini kwa ajili yake, hakuna padri aliyetaja jina lake. Wakati mwingine nikipika bukari, ugali wetu, jikoni nilihisi mtu amesimama nyuma yangu akisubiri kuambiwa aketi. Sikugeuka. Niliendelea kusonga.

Kriketi ina ukimya mwingi, na ukimya huo ndio nilioulipia. Mpigaji anapongoja kurushiwa mpira hugonga ardhi kwa ncha ya gongo lake: tok, tok, tok. Mara ya kwanza kuusikia mlio huo niliruka kitini. Wachimbaji wakifukiwa hugonga mwamba kwa nyundo ili walio juu wajue bado wako hai. Vijana waliochimba na mdogo wangu waliniapia kwamba siku ile hawakusikia mlio wowote kutoka chini. Mimi sikuwapo, nilikuwa nafundisha kugawanya. Basi kila Jumapili mpigaji aligonga, nami nikatega sikio kusubiri jibu. Kuna siku mbili nililisikia. Asiyeamini na asiamini, sikumlipia yeye tiketi.

Mahali penyewe pako karibu na kamba ya mpaka, na daima husimama kijana pale kudaka mipira ya mbali. Nilianza kwa kumchukia. Alitema mate, alikwaruza nyasi kwa kiatu, alipiga miayo juu ya mdogo wangu. Baadaye nikaanza kumhofia, maana niliijua ardhi ile ilivyo tupu chini kwa chini. Kila alipojongea hatua tatu kushoto moyo wangu ulitulia.

Julai hii mama alichoka kungoja. Kwa siri alikwenda kukata tiketi ya basi la Jumanne: Lubumbashi kwanza, halafu Kasumbalesa, na miguu yake ile inayovimba.

"Kama yeye hakuye, mi njo nitamufwata," aliniambia. "Nitauliza lori kwa lori."

Nilimwona akilini mwangu akizunguka kati ya malori kule mpakani, akishika mikono ya watu asiowajua, akiwaelezea alama ya kovu kwenye nyusi ya mtoto wake. Hilo sikuliweza. Mara mbili usiku nilijaribu kusema nyumbani, ulimi ukakataa. Nikamwambia Jumapili twende wote ninakokwendaga. Alivaa kitenge kile cha Krismasi.

Langoni aliona nikitoa pesa za watu wawili, na viti.

"We unalipaka hii yote kila siku ya Mungu?"

"Ndiyo, mama."

"Juu ya nini?"

Nilimkalisha kwanza. Mchezo ulikuwa umeanza, kijana wa kambani alikuwa mahali pake, amevaa kofia nyeupe. Nikamwonyesha mama kwa kidole, kama nilivyoonyeshwa mimi.

"Mama, mutoto yako hakwenda Kasumbalesa. Eko pale, chini ya ule kijana. Shimo ilimuangukia wakati ulikuwa ku hopitali. Mi nilikudanganya. Nilikudanganya miaka yote hii."

Nilingoja kofi. Ningelipokea kwa furaha. Mama alimtazama yule kijana kwa muda mrefu, mipira mitatu ikarushwa, na wala hakunigeukia.

"Alikuwa na bilatu ku miguu?" akauliza.

"Hapana, mama. Banashukaka bila bilatu."

Akainama, akavua viatu vyake. Akafungua kitambaa cha kichwa. Halafu akatelemka kutoka kwenye kiti, akakaa kwenye vumbi na kunyoosha miguu mbele, kama wanawake wetu wanavyokaa msibani. Kijana wa Kihindi aliyekuwa pembeni yetu alishangaa. Akaniambia kwa upole kwamba mama ana kiti, kimeshalipiwa. Nami nikashuka nikakaa karibu naye.

Mpigaji akaupiga mpira. Ulipaa juu sana, ukapita kichwani kwa yule kijana wa kambani, ukavuka kamba. Turubai zima likasimama na kupiga kelele, na katikati ya kelele hizo mama akalia. Alilia kilio kile kinachoanzia tumboni, akamwita mwanawe kwa jina, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu. Watu waliruka na kupuliza vuvuzela juu ya vichwa vyetu. Yule jirani akainama, macho yanamng'aa kwa furaha, akampa mama kadi kubwa iliyoandikwa 6, ile wanayopunga mpira ukivuka, ashangilie nayo.

Mama aliipokea, akajifunika uso.

"Kesho tunaweka matanga," alisema nyuma ya kadi. "Na weye njo utasimama mbele ya batu, ubaambie ni siku gani alikufa."