Mjukuu Aliyefika Pangani

Safari ile niliipanga mimi. Hilo nalisema mapema, maana baadaye watu walinihurumia kama niliyenyimwa nafasi kwenye safari ya wenyewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sabuni za kila rangi zimejaa madukani Singida mjini, mitumba inamwagwa chini sokoni, na mimi bado karani wa duka la ushirika ambalo rafu zake zilibaki na viberiti na vumbi. Wenzangu wawili walikuwa wajanja zaidi. Mmoja alikuwa fundi cherehani, ana baraza lake. Mwingine, mtoto wa reli kutoka Manyoni, alikuwa na rundo lake la mitumba na hana bosi. Huyo wa Manyoni ndiye shoga yangu, tulikuwa chanda na pete.

Wao walitaka kuoga bahari, wapige picha, wale samaki mpaka wakinai. Mimi nilikuwa na langu. Mama yangu ni mtu wa Pangani, aliolewa na mfanyabiashara wa Kinyaturu akaletwa huku bara, na mama yake mzazi mimi sikuwahi kumwona. Mjomba aliandika kwamba bibi macho yameziba, hali yake si ya kutegemea, na kila siku anauliza yule mjukuu wa bara anakuja lini. Mama hawezi kutoka, baba kapooza upande mmoja na lazima ageuzwe kitandani. Mama akaniambia, nenda wewe, muwahi bibi yako.

Sasa watu watatu wenye mifuko mitupu wanafikaje pwani? Kwa akili. Nilichana boksi la sabuni nikaandika mpango wote kwa ndani. Kwenda tungepanda lori la vitunguu kutoka Misigiri, bure, dereva alikuwa mteja wa shoga yangu. Tungeshuka Chalinze tukatafute basi la Tanga, kisha Pangani. Kurudi, treni daraja la tatu hadi Manyoni. Chakula cha njiani ni michembe ya viazi vikavu na karanga. Malazi ni kwa bibi, sote watatu, kwa sababu mtu haendi kwao akapanga gesti, hiyo ni kumtukana mwenye nyumba. Na kwa kuwa huendi ukweni wala ujombani mikono mitupu, mama angetoa tenga la kuku sita, dumu la mafuta ya alizeti na asali. Hapo ndipo safari ilipokuwa rahisi. Bila bibi yangu, wasingekuwa na pa kulala.

Basi nikajitia ualimu. Jioni tulikaa kwenye rundo la mitumba nikawafundisha pwani, ambayo hata mimi niliijua kwa mdomo wa mama tu. Mtu mzima unamshika mkono unaubusu. Viatu unaviacha mlangoni. Usiseme haraka haraka kama unagombana, watatucheka. Nikawapangia watoto wa bibi kwa mstari, nani kifungua mimba, nani alikufa mdogo, nani ana hasira. Shoga yangu aliyashika yote, anauliza na kurudia. Nilifurahi, nikasema huyu ananipenda, anataka asiniaibishe kwetu. Kikulacho ki nguoni mwako, bwana.

Siku nne kabla ya lori kuondoka, meneja alitutangazia kwamba wiki inayofuata itasomwa orodha ya watakaopunguzwa, na asiyekuwapo atahesabiwa kaacha kazi mwenyewe, hana kiinua mgongo. Baba anakula dawa. Nikawaendea wenzangu, nikawaomba wangoje wiki moja. Fundi alikubali. Shoga yangu akasema lori la bure haliwangojei watu, vitunguu vitaoza. Akasema wao watangulie na ule mzigo wa mama, kuku wasije wakafa kwa kungoja, na mimi nifuate kwa treni. Nikakubali, mjinga mimi. Nikawaandikia na barua ya kuwatambulisha.

Orodha haikusomwa wiki ile. Meneja alikwenda Dodoma kwenye kikao, tukakaa tunapangusa rafu. Wiki ya pili pia kimya. Wenzangu wakarudi, weusi kwa jua, na makome kwenye mfuko. Orodha ilisomwa mwezi uliofuata na jina langu lilikuwa la tatu.

Fundi ndiye aliyeniambia. Alikuja nyumbani peke yake, akakaa muda mrefu anaongea habari za nyuzi na vitambaa, mwisho akalia. Walifika Pangani giza linaingia. Bibi alikuwa mlangoni, akasikia lafudhi ya bara na kelele za kuku, akanyoosha mikono, akamshika shoga yangu usoni na kusema mwanangu umekuja. Na yule akajibu, nimekuja bibi, shikamoo. Akaubusu mkono, kama nilivyomfundisha. Barua yangu haikutoka kwenye mkoba. Siku nne alikuwa mimi. Mjomba naye angejuaje, picha yangu waliyokuwa nayo ni ya mtoto wa miaka mitatu. Alipoulizwa mbona haswali, akasema yumo mwezini. Alipewa kitanda cha bibi, alilala ubavuni pake, akaombewa dua za kuolewa na kuzaa.

Nilimfuata sokoni. Nilikwenda na hasira za kumvua mtu nguo hadharani, Mungu anisamehe. Hakukimbia wala hakukana. Aliendelea kukunja sweta, akaniambia: "Ungetaka tulale wapi? Tungesema wewe hukuja, angetupokea nani?"

Nikamwambia wangepokelewa, pale ni kwetu, hawamfukuzi mgeni. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto. Sikumpiga. Sijamsemesha tena mpaka leo, na nikimwona stendi navuka barabara, na sijutii.

Nilianza kuweka nauli kutoka kwenye kiinua mgongo, niende nikamwambie bibi ukweli kwa mdomo wangu. Kabla sijaondoka, barua ya mjomba ikafika. Bibi ametangulia mbele ya haki. Amekufa na raha, mjomba aliandika, tangu mjukuu aje hakuuliza tena, aliwaambia majirani wote kwamba uso wa binti yake ameushika kwa mikono yake. Mama alinisikiliza nikisoma, huku anamgeuza baba. Nikamwambia sasa nitamwandikia mjomba, ajue ni nani aliyelala kwenye kile kitanda.

Mama hakugeuka. "Mama yangu kafa anajua kamwona mtoto wangu," akasema. "Wewe unataka nikamfukue nimwambie hapana?"

Nilisema mengi. Nilisema na mimi je, mimi nimemwona nani. Nilimwambia mama anamtetea mwizi. Alimaliza kumfunika baba, akaenda kunawa mikono, akarudi na karatasi na kalamu, akaviweka mbele yangu na kukaa chini kungoja. Yeye kuandika hajui, barua zote za kwao naandika mimi.

Nikaandika. Mjomba, shikamoo. Poleni sana na msiba. Namshukuru Mungu nilimuwahi bibi.