Madam Lidia Anafundisha Bila Kusema

Lidia Ndayizeye alizaliwa Katumba, kwa wazazi waliotoka Burundi, akakulia kwenye mashamba ya mihogo na tumbaku. Alifanya kazi ya ukunga miaka kumi na minne, kisha akawa mkufunzi katika chuo kidogo cha uuguzi mjini Mpanda. Darasani alisimulia mambo aliyoyaona wodini kwa macho yake, na wanafunzi hawakuyasahau.

Mwanafunzi wake mmoja, Sikujua, alijifungua kwa upasuaji na kurudi kwao Magamba kupona. Siku moja alipiga simu.

"Madam, naomba kuahirisha masomo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtoto akue kidogo."

Lidia alikuwa ameshayasikia maneno hayo kwa wasichana wengine, na hakuna aliyerudi. Kesho yake aliweka simu mezani, akarekodi somo zima, akamtumia. Rekodi ilijaa kelele za viti na mvua kwenye bati. Basi akaanza kurekodia nyumbani kwake Nsemulwa, dirisha limezibwa kwa blanketi, dakika ishirini kila somo. Mkufunzi wa kompyuta alimwonyesha jinsi ya kuyaweka masomo hayo mtandaoni kama podikasti, mwanafunzi yeyote ayapakue na kuyasikiliza kwa wakati wake.

Mkuu wa chuo, Stanslaus, hakupendezwa. "Wakishasikiliza kwenye simu, nani atakuja darasani?"

"Watakuja kuuliza maswali, mkuu."

"Haya. Muhula mmoja tu, tuone."

Sikujua alisikiliza akinyonyesha, akasikiliza tena akibambua karanga. Mwezi wa tatu alirudi chuoni, mtoto mgongoni, na hakuwa nyuma ya wenzake.

Wakati huohuo sauti ya Lidia ilianza kukwaruza. Alidhani ni vumbi. Mwezi wa tano alikuwa hasikiki hata kwenye dawati la mbele. Daktari wa Mwanza aliona uvimbe kwenye nyuzi za sauti, akakata kipande kidogo cha kupima. Akamwambia asubiri majibu, na asitamke neno lolote, hata kwa kunong'ona. Lidia alirudi Mpanda na daftari la kuandikia mahitaji yake. Hakumwandikia mtu yeyote kwamba anaogopa saratani.

Mitihani ilikuwa imebaki wiki sita. Safari hii Stanslaus mwenyewe ndiye aliyeingia darasani na spika, akaifungua podikasti. Wanafunzi waliisimamisha kila walipokwama, wakauliza, na Lidia akawajibu kwa chaki ubaoni. Lakini somo la kutokwa damu baada ya kujifungua alikuwa hajalirekodi. Aliliandika lote, kurasa kumi.

"Nisome mimi, madam?" Sikujua aliuliza. "Nimekusikiliza mpaka mwanangu anageuka akisikia sauti yako."

Walikaa chumbani Nsemulwa, simu ikirekodi. Sikujua alisoma, Lidia akainua mkono kila palipokosewa. Katikati ya ukurasa wa saba Sikujua alinyanyua macho kutoka kwenye karatasi, akaendelea kuongea.

"Mimi pia nilitokwa damu nyingi. Muuguzi alikuwa ananiambia kila anachofanya kabla hajakifanya. Ndiyo maana sikupiga kelele. Na nyie mfanye hivyo."

Hayo hayakuwemo kwenye kurasa. Lidia hakuinua mkono.

Jumamosi moja, sokoni, simu yake iliita. Ilikuwa namba ya hospitali. Lidia aliipokea, akabaki ameishika tu. Daktari aliuelewa ule ukimya, akasema ampe mtu aliye karibu. Aliyekuwa karibu ni muuza dagaa, mama asiyemjua hata jina.

Yule mama alisikiliza akiwa amekunja uso. "Anasema siyo saratani," akarudia polepole. "Ni kinundu, kwa sababu ya kutumia sauti sana. Anasema kitaisha, uendelee kupumzika."

Lidia alikaa juu ya gunia la dagaa akalia mabega yakitikisika.

"Mama, kwani hiyo ni habari mbaya?"

Alitikisa kichwa kukataa, akamshika mikono yote miwili, yenye magamba ya samaki, hakuiachia kwa muda mrefu.

Darasa zima lilifaulu isipokuwa wawili, nao walirudia mtihani wakapita. Swali la kutokwa damu Sikujua alilijibu kwa kurasa nne.

Mwezi wa nane daktari alimruhusu Lidia kuongea, dakika tano tu kwa siku. Dakika tano za kwanza alimpigia mama yake Katumba.

"Ni nani?" mama aliuliza.

"Ni Lidia, mama."

Mama alicheka taratibu. "Umekuwa na sauti ya baba yako," alisema. "Ongea, mwanangu. Nasikiliza."