Ndege Juu ya Mgongo wa Ndege

Juzi mjukuu wangu alikuja likizo kutoka chuoni. Akanikuta uani nachagua mchele, akaketi karibu yangu, akanisogezea simu usoni.

"Bibi, angalia maajabu."

Nikaangalia. Picha ya zamani, haina rangi. Ndege kubwa imekaa juu ya maji, tumbo lake kama boti, na mgongoni imebeba ndege nyingine ndogo, yenye viatu viwili virefu kama mitumbwi. Alitaka nishangae. Mimi nikaendelea na mchele wangu.

"Hiyo naijua," nikamwambia.

"Unaijua wapi, Bibi? Hii ilikuwa Ulaya huko, wewe hata hujazaliwa!"

"Naijua. Na bila hiyo ndege wewe usingekuwapo hapo kunipigia kelele."

Akacheka, akadhani namtania. Basi nikamsimulia mpaka mchele ukaisha, akanitaka niandike. Mwenyewe anasomea kutengeneza ndege, na jambo hilo namwambia kila mtu, aliyeuliza na asiyeuliza. Mimi niliishia darasa la tatu. Mwandiko wangu umepinda, lakini kichwa changu hakijapinda.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Sisi tulikaa Bangwe, karibu kabisa na maji ya ziwa. Unaamka asubuhi unakuta boti zimeingia kutoka Burundi, zimejaa watu, magodoro, masufuria, kuku waliofungwa miguu. Wengine walipelekwa kambini siku hiyohiyo. Wengine walikaa kwanza kwa ndugu zao, maana watu wa ziwa hili tumeoana tangu zamani, na nyumba isiyo na shangazi upande wa pili huipati kwetu.

Jirani yangu alipokea wawili: mzee mmoja, mjomba wa mama yake, na mjukuu wa yule mzee, kijana wa miaka ishirini na kitu. Kijana alikuwa fundi wa injini za boti. Wiki ya kwanza alifufua injini mbili ambazo wavuvi wetu walikuwa wameshazigeuza kuwa viti. Wiki ya tatu nikaona binti yangu anachota maji mara nne kwa siku, na ndoo anaijaza nusu. Sikuhitaji kuambiwa.

Kijana nilimpenda. Anasalimia na mikono yote miwili, hajui kujisifu. Lakini babu yake! Mzee yule alikuwa na neno moja tu, ndege. Ujana wake alifanya kazi bandarini kwao, enzi za Wabelgiji. Alikuwa anapiga kasia kupeleka madebe ya petroli kwenye ndege iliyotua ziwani, anasimama ndani ya mtumbwi, anaimimina kwenye bawa kwa kichujio cha ngozi. Hayo watu waliyasikiliza vizuri. Wazee wa Ujiji nao walisema waliwahi kuona ndege za namna hiyo, zinatua majini kama bata.

Shida ilianza pale aliposema kwamba kulikuwa na nyingine, kubwa, iliyobeba ndege mwenzake mgongoni. Zinapaa pamoja, na zikifika juu, ile ndogo inajifungua na kwenda zake, safari ya siku nzima bila kutua popote.

Barazani kwetu waliokuwa wakinywa kahawa walicheka mpaka vikombe vikamwagika.

"Mzee, na hiyo ndogo ilikuwa inanyonya?"

"Kwa nini isiruke yenyewe kama ina mabawa? Au ilikuwa inadeka?"

"Mzee Ndege, leo utatuambia na boti iliyozaa boti!"

Jina likamganda, Mzee Ndege. Watoto wakimwona wanatanua mikono. Aliyecheka kuliko wote ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, na huyo ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo kwa sababu ana sauti kubwa na kofia nzuri.

Kisha likatoka tangazo kwamba malori yatakuja baada ya wiki mbili kuwachukua wakimbizi wote waliobaki mjini, wapelekwe kambini. Kijana akaona hana muda. Akamtuma mshenga kuleta posa.

Kwetu posa ikija, tunauliza ukoo. Hatuulizi mali. Tunauliza: kwao kuna wezi? Kuna wachawi? Wana neno la kweli? Shemeji alipoulizwa maoni hakutafuna maneno.

"Kijana hana neno. Lakini babu yake ni mwongo, na uongo unarithiwa kama pua. Kesho watoto wetu wataitwa wajukuu wa Mzee Ndege. Mimi sikubali."

Mume wangu alikuwa mtu mpole, wa kumsikiliza aliyesema mwisho. Akasema tutakutana Ijumaa alasiri, mzee aje mwenyewe aulizwe mbele ya watu. Akishindwa kueleza, posa inarudi.

Binti yangu akaacha kula. Mimi sipendi mtoto anayegomea chakula, chakula kimekosa nini? Lakini nilimwona anatazama barabara ambayo malori yangepita. Nikajifunga kanga ya pili, nikaenda kwa jirani.

Nilimkuta mzee ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anachambua dagaa kwenye mkeka, anatoa mawe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Umekuja kunicheka na wewe?"

"Nimekuja kuuliza. Hiyo ndege iliyobebwa uliiona kwa macho yako?"

"Hapana." Alijibu upesi, wala hakuinua kichwa. "Ile ya madebe ya petroli niliiona, niliigusa, ilinichoma mkono hapa. Hii iliyobebwa niliiona kwenye picha. Mzungu wangu wa bandarini aliikata kwenye gazeti akanipa. Ile kubwa ina injini nne. Ile ndogo ina mbili. Niliitunza picha kwenye kopo la maziwa miaka yote, na siku ya kukimbia nikachukua mjukuu, nikaacha kopo."

"Sasa mbona barazani hukusema ni picha?"

"Nilisema. Walikuwa wanacheka."

Hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Mwongo angeniambia aliipanda.

"Haya, nieleze na mimi. Ina mabawa, ina injini. Kwa nini ibebwe?"

Akashika dagaa mmoja, akamweka juu ya kiganja. "Kwa sababu ya tumbo, mama. Inataka kwenda mbali, basi inajazwa petroli mpaka shingoni. Ikishajaa, maji yanaishika, haiinuki. Lakini ukiifikisha juu, inaweza kwenda na mzigo wake wote. Kwenda inaweza. Kuinuka ndiko kunakoishinda."

Nikacheka, nikacheka mpaka jirani akatoka ndani kuona kuna nini. Maana mzee alikuwa amenisimulia maisha yangu mwenyewe.

Mimi nilikuwa muuza dagaa. Nilianika mchangani, nikashindilia gunia, nikapandisha kichwani mpaka sokoni Mwanga, mlima wote ule, bila kupumzika. Lakini gunia lile sikuweza kulitoa chini peke yangu. Hakuna mwanamke aliyeweza. Ukishafunga mzigo, unaita, "Njoo unitwishe!" Wawili wanashika pembe, wanakuinulia, wewe unaingia chini na ngata yako ya kanga kichwani, unanyoosha shingo, unaondoka. Na yule wa mwisho, ambaye wenzake wote wameshatangulia? Kwa huyo tulikuwa na jiwe letu pale ufukweni, linalofika kifuani. Unakokota gunia kidogo kidogo mpaka juu ya jiwe, kisha unachuchumaa, unaingiza kichwa, unajitwisha. Ile ndege kubwa ilikuwa jiwe letu, ila jiwe lenye injini.

Wanaume wa barazani wasingeweza kulijua hilo. Wao wanabeba kwa baiskeli.

Ijumaa ikafika. Wanaume wameketi kwenye mikeka uani, mzee katikati na kanzu ya kuazima, mshenga pembeni yake anatokwa jasho. Sisi wanawake tumekaa upande wa jiko, kama desturi inavyotaka, tusikie tusiseme. Shemeji akakohoa kwa heshima ya kofia yake.

"Mzee, sisi tunakuheshimu. Tuambie tu jambo moja. Kitu kinachoweza kuruka, kinabebwa cha nini? Mtu mwenye miguu utambeba?"

Mzee akaanza kueleza mambo ya petroli na maji. Watu wakaanza kutazamana, na mmoja akaziba mdomo kwa kikombe. Mume wangu akainamisha kichwa. Nikajua posa inarudi.

Nikasimama. Ndiyo, nilisimama, na nikajipitisha katikati ya mikeka. Kando ya mlango kulikuwa na gunia langu la dagaa, tayari kwa sokoni.

"Shemeji," nikasema, "wewe ni mwanaume wa nguvu?"

Kwa shemeji utani unaruhusiwa, hakuna aliyeweza kunikataza.

"Shemeji, unaniuliza hilo mbele ya watu?"

"Nakuuliza. Hili gunia mimi mwanamke nalifikisha Mwanga. Jitwishe tukuone."

Akavua kanzu, akabaki na fulana. Akalishika gunia, akalipandisha mpaka magotini. Akavuta pumzi, akalifikisha tumboni. Hapo likagoma. Akazunguka nalo kama anacheza nalo dansi, kofia ikaanguka, gunia likamfuata chini, na wanawake wa jikoni wakapiga vigelegele ambavyo havikuwa vya heshima hata kidogo.

"Linateleza!" akasema.

"Halitelezi, limejaa. Jirani, njoo tumtwishe."

Tukashika pembe, mimi na jirani, tukaliinua likamkaa kichwani. Akasimama wima, shingo imekakamaa, macho mbele.

"Haya, tembea mpaka barabarani urudi."

Akaenda, akarudi. Sitaki kumdhulumu, alitembea vizuri.

"Utafika Mwanga?"

"Nafika. Hata Ujiji nafika."

"Basi kama unafika Ujiji, mbona lilikushinda kutoka chini?"

Mzee katikati ya mkeka akaanza kutabasamu, meno yake matatu yote yakaonekana.

"Shemeji," nikamwambia, "wewe sasa hivi ndiyo ile ndege ndogo. Sisi wawili tulikuwa ile kubwa. Na huyu mzee hajasema uongo. Amesema aliona picha, na mlikuwa mnacheka hamkumsikia."

Mume wangu akainua kichwa. "Mzee, ni kweli ulisema picha?"

"Nilisema, baba. Kwa macho niliona ile ya petroli tu. Hii ni picha."

"Nitueni basi!" shemeji akapiga kelele kutoka chini ya gunia. "Shingo inaingia kifuani!"

"Tunasubiri jibu la ukoo," nikasema. "Wewe si ndiye msemaji?"

"Nimekubali! Aoe! Aoe hata leo, nitueni!"

Mpaka leo watu wa Bangwe husema binti yangu aliozeshwa na gunia.

Ndoa ilifungwa siku tatu kabla ya malori. Kwetu mama wa bibi harusi hupewa ubeleko, kitambaa cha kumshukuru kwa mgongo wake uliombeba mtoto. Watu waliniambia nisidai, mkimbizi atatoa wapi. Sikudai. Lakini mzee alikuja nao, kitambaa kipya cha bluu, sijui alikipata vipi na sikuuliza. Ndani yake alikuwa amefungia kitu cha mbao, alichokichonga kwa kisu kutoka kwenye ubao wa boti iliyovunjika. Ndege kubwa na ndogo juu yake, ndogo inatoka na kurudi kwenye kigingi. Mtu mzima mimi, nilikaa nikaichezea jioni nzima.

Malori yalipokuja, binti yangu alipanda na mumewe na mzee. Alikuwa na bunda la vyombo, sufuria, mkeka, unga. Akageuka akaniambia, "Mama, nitwishe." Nikamtwisha. Nililia, ndiyo, lakini kilio cha mtu aliyeshiba. Miaka mitano baadaye walirudi mjini, kijana akafungua karakana yake ya injini Mwanga, na ipo. Mzee alifia kambini, lakini kwanza alimpakata mjukuu wangu huyu wa simu, akiwa mchanga. Alimtazama usoni, akasema huyu ataenda mbali. Wazee wote husema hivyo, lakini yeye alikuwa na sababu zake.

Basi juzi, mchele ulipokwisha, nikamwambia mjukuu anipe tena ile simu. Nikavaa miwani. Nikahesabu kwa kidole. Ile kubwa, injini nne, sawasawa. Ile ndogo, moja, mbili, tatu, nne.

"Ilikuwa na nne!" nikasema. "Babu wa baba yako alisema mbili."

"Kwa hiyo alikosea, Bibi."

"Alipunguza. Umewahi kuona mwongo anayepunguza?"

Akacheka, akanibusu shavuni. Nikainuka nikatia mchele majini.

"Sasa nenda kwa babu yako mdogo," nikamwambia, "yule mwenye kofia. Mwonyeshe hiyo picha. Na ukifika, kabla hujafungua simu, muulize kwanza shingo yake inaendeleaje."