Ubao wa Zaafarani Mlangoni

Katika chuo nilichorithi kwa baba yangu, pale dakani petu, kwenye ukumbi wa mlango wa nyumba yetu mtaani Mkomani, mtoto hakupata sifa ya hadharani ila siku ya kuhitimu Kurani nzima. Ndipo alipovishwa joho, akatembezwa mjini. Kabla ya siku hiyo, ambayo wengi hawakuifikia, malipo ya mwenye kukosa yalikuwa bakora, na malipo ya mwenye kupatia yalikuwa kuepukana nayo. Niliona utaratibu huo una upungufu, nikaazimia kuutengeneza.

Nilichobuni ni hiki. Kila Alhamisi, mwanafunzi aliyesoma juzuu yake kwa moyo pasi na kukwama nilimwandikia ubao kwa wino wa zaafarani, nikauzungushia nakshi, na chuo kizima kikausindikiza hadi kwao kwa kasida. Mlangoni alisoma, wazazi wakasikia. Watoto walishika bidii ambayo bakora haikupata kuileta, nami nikajiona nimefanya jambo.

Sikulifikiri lile lililokuwa dhahiri kwa kila mtu wa Amu: kwamba wasomaji hawaji mlangoni kwa mtu wakaondoka bila kuonja kitu. Nyumba za jirani zetu zilitoa halua na kahawa. Nikadhani ni furaha yao tu.

Kisha ikafika zamu ya mtoto mmoja yatima, ambaye mamake alishona kofia kwa ujira. Mama alitoka amejitanda ushungi, akasikiliza, akalia. Halafu akaingia ndani, akakawia sana. Aliporudi alituletea maji ya kisima yaliyotiwa marashi, katika bilauri alizoazima kwa jirani. Nilikunywa, nikashukuru. Nyuma yangu mtoto mmoja akanong'ona, "Na halua i wapi?" Mwenzake akamjibu, "Imeyeyuka majini!" Wakacheka. Niliwakemea kwa jicho, nikayasahau.

Tangu siku hiyo yatima yule akawa hukwama, na daima hukwama karibu na mwisho. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, kwa sauti iliyofika ndiani kwa wapita njia. Bakora nayo haikukaa bure. Hatimaye nikamwita mamake nimshitakie.

"Bi, mwanao ameharibika. Hasomi."

"Husoma, Mwalimu. Kila alfajiri humsikia akisoma juzuu nzima, hakosi hata harufi." "Hapa ndipo akosapo. Hukosa kwa ajili yangu. Hataki muye tena mlangoni kwangu."

Niliona haya hata ya kuinua uso mpaka alipokwisha kwenda zake.

Alhamisi iliyofuata niliwatangazia wanafunzi kwamba ubao wa zaafarani hautatoka tena. Utatundikwa ukutani mwa chuo, na cha kuonja kitatoka jikoni kwangu. Nikamwita yatima. Alisoma vyema hadi karibu na mwisho, akasita, akatupa macho nje.

"Hatwendi popote," nikamwambia. "Soma."

Akasoma hadi tamati, pasi na kosa.

Wenzake walinigeukia, wakingoja nimsifu. Badala yake nilimwomba radhi mbele yao, kwa sauti ndogo kuliko ile niliyomwitia mvivu. Naye akainamisha kichwa, kana kwamba mkosa ni yeye.